Uchaguzi wa Gango la Kifundo kwa Mguu Uliodhoofishwa na Kiharusi

Mzunguko mmoja wa mwendo wa binadamu, yaani tangu kisigino cha mguu mmoja kinapogusa ardhi mpaka kisigino hicho hicho kinapoigusa tena, huchukua muda wa sekunde moja hivi. Katika muda huo mguu husimama ardhini kwa kadiri ya asilimia 60, na kwa asilimia 40 iliyobaki huwa hewani ukipelekwa mbele. Mtu mwenye afya hafikiri lolote juu ya jambo hili. Walakini wataalamu waliopima mwendo wameona kwamba, mguu unapopita hewani, vidole huachana na ardhi kwa sentimita 1 au 2 tu. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko kimo cha kizingiti cha nyumba nyingi. Ikipungua kidogo, mtu hujikwaa.

Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi aghalabu huipoteza nafasi hiyo. Wayo wake huning'inia, vidole hukwaruza sakafu, na kila jiwe dogo njiani huwa hatari kwake. Miongoni mwa vyombo vinavyoweza kumrudishia mwendo, kilicho rahisi na kilichozoeleka zaidi ni gango la kifundo cha mguu. Hili ni kigaga chepesi cha plastiki, au cha chuma na ngozi, kinachoshika muundi na wayo pamoja ili kifundo kisilegee wala kisipinde vibaya. Kwa nje magango yote hufanana, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Gango lililomfaa jirani laweza kumwangusha mgonjwa mwingine.

Kiharusi na madhara yake katika mguu

Kiharusi hutokea ghafla, damu inapokosa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na donge la damu, ama kwa kuwa umepasuka na damu kuvuja. Chembe hai za ubongo zikikosa oksijeni huanza kufa katika muda wa dakika chache. Kwa vile njia kuu za neva zitokazo ubongoni huvuka upande katika shina la ubongo, madhara ya upande wa kushoto wa ubongo huonekana katika mkono na mguu wa kulia, na ya upande wa kulia huonekana kushoto.

Zamani ilidhaniwa kwamba haya ni maradhi ya nchi tajiri. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania baina ya mwaka 2003 na 2006, katika Wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, uliibatilisha dhana hiyo. Hesabu ziliposawazishwa kwa kuzingatia umri, ilionekana kwamba katika kila watu 100,000, viharusi 108.6 hutokea kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Hesabu hiyo ya mjini inazizidi zile za nchi nyingi zilizoendelea. Shinikizo kubwa la damu ambalo halikutibiwa ni sababu mojawapo iliyo kubwa.

Mguu wa aliyenusurika hupatwa na mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe, kwa sababu kila moja hudai gango la namna yake. La kwanza ni udhaifu. Msuli ulio mbele ya muundi, ambao kazi yake ni kuinua wayo, hukosa amri kutoka ubongoni, na wayo huanguka kwa uzito wake wenyewe. La pili ni mkakamao. Misuli ya shavu la mguu, ambayo kazi yake ni kuusukuma wayo chini, hujikaza bila ya kuamriwa, hasa mgonjwa anaposimama au anapoharakisha. Wayo huvutwa chini na kugeuzwa ndani, mgonjwa akakanyagia ukingo wa nje. Mkakamao ukiachwa miezi mingi bila ya kunyooshwa, misuli na kano ya kisigino hufupika kabisa, na hapo hapana gango litakaloweza kuurudisha wayo mahali pake.

Zaidi ya hayo, wagonjwa wengi hupoteza hisia za ngozi na hata za viungo. Hawajui wayo uko wapi mpaka wautazame.

Mwili hutafuta njia yake. Mgonjwa huinua nyonga, au huuzungusha mguu kwa nje kama mfyekaji azungushavyo mundu, ili vidole visigonge chini. Njia hiyo huokoa hatua lakini hula nguvu nyingi. Mtu wa namna hiyo huchoka baada ya mwendo mfupi, na akishachoka, wayo huburuta zaidi. Wengi huanguka, na kwa kuwa mifupa ya upande uliopooza hupungua uimara kwa kukosa kazi, kuanguka kwaweza kuvunja nyonga.

Gango linavyofanya kazi

Nguvu inayoshikilia wayo usianguke hupatikana kwa kusukuma mahali patatu. Gango husukuma wayo juu chini ya chanda, husukuma shavu la mguu mbele kwa nyuma, na mkanda au kiatu hushika mgongo wa wayo ili kisigino kisichomoke. Huu ni wenzo, na sheria ya wenzo haina upendeleo. Gango likifupishwa nusu, nguvu inayobana shavu la mguu huongezeka mara mbili, na ngozi hudhurika. Kwa sababu hiyo gango zuri hupanda mpaka karibu na goti. Hata hivyo halipandi holela. Kwa nje, chini kidogo ya goti, kuna kichwa cha mfupa mwembamba wa muundi, na neva inayouamuru msuli wa kuinua wayo hupita hapo chini ya ngozi tu. Ukingo wa gango hukomeshwa kiasi cha sentimita 2 chini ya hapo. Gango lililokatwa vibaya laweza kuibana neva ile ile ambayo udhaifu wake ndio uliolileta.

Kabla ya plastiki, magango yalikuwa fito mbili za chuma zilizounganishwa na kiatu kwa bawaba, na juu yake ukanda wa ngozi. Yangali yanatumika. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia alifanikiwa kutengeneza polipropilini imara, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Plastiki hiyo ni nyepesi, haipati kutu, hupindika mara nyingi bila ya kuvunjika, na hulainika kwa joto la tanuri. Fundi huchukua umbo la mguu kwa bandeji za plasta, hulijaza umbo hilo uji wa plasta, kisha hulichonga na kulirekebisha. Bamba la polipropilini, aghalabu lenye unene wa milimita 3 mpaka 5, hutiwa tanurini mpaka liwe kama kitambaa, hutandazwa juu ya umbo, na hewa hunyonywa ili ligandame barabara. Likipoa hukatwa. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii hufundishwa katika chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko Moshi, karibu na Hospitali ya KCMC, ambacho kilianzishwa mwaka 1981 na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu nalo limeeneza utumiaji wa polipropilini katika karakana za nchi nyingi maskini.

Ukataji wa kingo ndio siri ya ufundi wote. Bamba lile lile, likikatwa nyuma sana ya macho ya mguu, hubaki utepe mwembamba nyuma ya kisigino, na hupindika kama jani la springi. Kingo zikiachwa mbele ya macho ya mguu, plastiki huvizunguka viungo pande zote, na kifundo hakisogei hata kidogo. Kati ya hali hizo mbili kuna daraja nyingi, na fundi huzipata kwa kukata milimita chache chache.

Kumpima mgonjwa kabla ya kulipima gango

Jambo la kwanza la kuangalia, mgonjwa akiwa amelala na goti limenyooka, ni kama wayo waweza kurudishwa kwa mkono mpaka ufanye pembe ya digrii 90 na muundi. Ukifika kwa kusukumwa polepole lakini ukagoma ukisukumwa kwa ghafla, basi mkakamao upo ila misuli haijafupika. Usipofika hata polepole, kulazimisha gango la digrii 90 ni kosa. Kisigino kitaelea ndani ya gango, ngozi itachubuka, na goti litasukumwa nyuma. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kunyooshwa kwanza, au kupigwa plasta za mfululizo, au sindano ya kulegeza misuli, na wakati mwingine upasuaji wa kano. Iwapo hayo hayapatikani, gango hutengenezwa kwa pembe ile ile mguu ilioiruhusu, na nafasi iliyobaki chini ya kisigino hujazwa.

Kisha mgonjwa hutazamwa akitembea, kwanza kutoka mbele, halafu kutoka ubavuni. Watazamaji wengi huangalia wayo tu. Anayetaka kuchagua gango sawasawa hana budi kuangalia goti.

Goti la aliyepooza laweza kukosea kwa njia mbili zilizo kinyume. Katika baadhi ya wagonjwa, wayo ulioelekea chini hukanyaga kwa vidole, muundi hurudishwa nyuma, na goti hupinda kinyume. Kano za nyuma ya goti hunyooshwa kila hatua, na baada ya miezi huanza kuuma. Katika wengine goti hulegea na kukunjika mbele ghafla, kama miguu ya mtu aliyeshtushwa, kwa sababu msuli wa mbele wa paja au wa shavu la mguu hauna nguvu ya kuuzuia muundi usikimbie. Gango, ijapokuwa halifiki gotini, hulitawala goti kwa kupitia muundi. Likiwekwa katika pembe inayouinamisha muundi mbele kwa digrii chache, goti lililokuwa likipinda kinyume hurudi mstarini. Likiwekwa imara bila ya kuruhusu muundi kuinama zaidi, goti lililokuwa likikunjika hupata egemeo.

Hatari ipo hapa. Kisigino kinapogusa ardhi, kifundo cha mtu mwenye afya hukunjuka kidogo ili wayo ushuke polepole. Gango gumu halikunjuki. Badala yake mguu mzima huzunguka juu ya kisigino, na muundi hutupwa mbele pamoja na goti. Mgonjwa mwenye paja imara hulimudu tendo hilo, bali mwenye paja dhaifu huanguka. Dawa yake ni kiatu chenye kisigino cha sponji laini, au kuusaga ukingo wa nyuma wa kisigino cha kiatu, ili wayo ushuke kwa upole.

Aina na wanaofaa kuzitumia

Jani la springi ndilo gango la mgonjwa mwenye udhaifu bila ya mkakamao mkubwa, ambaye goti lake limetulia na kifundo hakigeuki upande. Humwinulia wayo anapopeleka mguu mbele, kisha humwachia auinamishe muundi anapokanyaga. Ni jepesi na huingia katika viatu vingi. Kwa mwenye mkakamao mkali halifai kitu, kwani misuli huishinda springi, na wayo hugeuka ndani ya plastiki kama vile hapana kilichoushika.

Gango lenye bawaba huzuia wayo usianguke lakini huruhusu muundi kuinama mbele. Ruhusa hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mtu hawezi kuinuka kitini vyema, kupanda kilima wala kuchuchumaa, bila ya muundi kuinama juu ya wayo. Lakini anayepewa bawaba ni lazima awe na uwezo wa kuikunja kifundo yake kweli, na goti lake lisiwe lenye kulegea. Mgonjwa ambaye shavu la mguu wake limefupika, akipewa bawaba, huukunja wayo katikati mahali pa kifundo, na baada ya muda uti wa wayo huporomoka.

Gango gumu ni la mkakamao mkubwa, la kifundo kinachogeuka ndani, au la goti linalohitaji kutawaliwa kwa nguvu. Gharama yake ni kwamba kupanda ngazi, kushuka mteremko na kuinuka chini vyote huwa vigumu. Soli iliyoviringwa kidogo mbele hupunguza taabu hiyo, kwa kuwa hufanya kazi ya kifundo kilichofungwa. Lipo pia gango ambalo bamba lake liko mbele ya muundi badala ya nyuma, ambalo hulizuia goti lisikunjike. Wanaolihitaji ni wachache.

Magango ya chuma na ngozi hudharauliwa siku hizi, na si haki. Mgonjwa ambaye mguu wake huvimba jioni na kupungua asubuhi, au ambaye ngozi yake haina hisia kabisa, aweza kupona vidonda kwa sababu tu chuma hakimgusi isipokuwa juu ya shavu la mguu. Uzito ni kasoro yake, na lile limefungamanishwa na jozi moja ya viatu. Kwa upande mwingine, magango ya nyuzi za kaboni ni mepesi mno, tena huirudishia hatua sehemu ya nguvu kama upinde. Bei yake ni kubwa, na hayawezi kupashwa moto na kurekebishwa kama polipropilini, hivyo mguu ukibadilika umbo gango hupotea.

Njia iliyo tofauti kabisa ni ya umeme. Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake walieleza chombo kilichosisimua neva ya kuinua wayo kwa umeme mdogo, kila mara kisigino kilipoachana na ardhi. Vyombo vya leo vimekuwa vidogo vya kufungwa chini ya goti. Majaribio mawili makubwa ya Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2013 na 2014, moja likiwa na watu 197 na la pili 495, yalikilinganisha chombo hicho na gango la kawaida. Kasi ya kutembea iliongezeka katika makundi yote, na hapakuwa na kundi lililolishinda jingine. Wagonjwa wengine hupenda umeme kwa kuwa huwaachia kifundo huru. Kwa mahali ambapo betri na vibandiko vya ngozi ni vya kuagizwa kutoka mbali, matokeo hayo ni habari njema kwa plastiki.

Kasi na barabara

Kipimo kilicho rahisi ni kumtembeza mgonjwa mita 10 kwa mwendo wake wa kawaida na kuhesabu sekunde. Anayetumia sekunde 25 ana kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Anayetumia sekunde 12.5 ana kasi ya mita 0.8. Utafiti wa mwaka 1995 uliweka mipaka hiyo miwili, ambayo hutumika hadi leo. Aliye chini ya 0.4 kwa kawaida hutembea nyumbani tu, aliye kati hutoka nje kwa taabu, na aliyepita 0.8 huenda apendako.

Maana ya tarakimu hizo huonekana kando ya barabara kuu. Barabara yenye upana wa mita 7 humchukua wa kwanza sekunde 17.5 kuivuka. Katika muda huo gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 243. Wa pili huhitaji sekunde 8.75, na gari hilo hupita mita 122 hivi. Kwa wa kwanza, gari ambalo bado halijaonekana nyuma ya kona laweza kumkuta katikati ya lami.

Haifai kumwahidi mgonjwa kwamba gango litamhamisha kutoka kundi la kwanza hadi la tatu. Mapitio ya majaribio mengi yaliyochapishwa mwaka 2013 yaliona kwamba gango husaidia mwendo na mgawanyo wa uzito baina ya miguu miwili. Msaada huo ni wa kadiri, na huonekana zaidi wakati gango limevaliwa. Anayelivua asitarajie kubaki na faida yote.

Je, gango huufanya mguu kuwa mvivu? Swali hili limewagawa waganga kwa miaka mingi, na wako waliowanyima wagonjwa magango kwa miezi ili misuli ijitahidi yenyewe. Watafiti wa Uholanzi walilipima suala hilo kwa wagonjwa 33, nusu wakipewa gango katika wiki ya kwanza ya utafiti na nusu katika wiki ya tisa. Waliopewa mapema walitangulia kutembea vizuri katika wiki za mwanzo, ingawa baada ya wiki 26 makundi yalifanana. Msuli wa kuinua wayo haukuonekana kudhoofika kwa sababu ya kuvaa mapema. Jambo la kuzingatiwa ni hili: kundi lililopewa mapema lilianguka mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, lakini sehemu kubwa ya maanguko hayo ilitokea wakati gango halikuvaliwa. Yaani mgonjwa aliyeizoea hatua salama alijisahau akaamka usiku kwenda msalani bila ya gango. Watu 33 ni wachache, na haitoshi kulifunga suala hilo. Hata hivyo onyo hilo ni la kufikishwa kwa kila familia.

Nyumba anamoishi mgonjwa

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa katika nchi ambazo watu huvaa viatu ndani. Gango la plastiki hufanya kazi ndani ya kiatu, na bila ya kiatu huteleza sakafuni kama sabuni. Katika nyumba ambamo viatu huachwa mlangoni, ambamo watu huketi mkekani, na ambamo choo ni cha kuchuchumaa, fundi asiyeuliza maswali haya atatengeneza chombo kitakachotundikwa ukutani. Mwenye kuswali msikitini hana budi kufikiriwa kadhalika, na mkulima wa mpunga ambaye shamba lake ni matope hali kadhalika.

Mengi ya hayo yana ufumbuzi wa bei ndogo. Jozi moja ya raba safi yaweza kuwekwa kuwa ya ndani tu. Fundi aweza kubandika soli nyembamba ya mpira moja kwa moja chini ya gango, ili litumike bila ya kiatu kwenye mkeka na sakafu. Kitako cha choo kilichotobolewa katikati, ambacho seremala yeyote aweza kukitengeneza, humwondolea aliyevaa gango gumu haja ya kuchuchumaa.

Kiatu chenyewe ni sehemu ya gango. Gango lililonyooshwa kwa kiatu chenye kisigino kilichozidi chanda kwa sentimita 1, likitiwa katika kandambili bapa, humrudisha muundi nyuma. Kwa wayo ambao umbali wake kutoka kisigino hadi chanda ni sentimita 18, tofauti hiyo ni kama digrii 3, nazo zatosha kulirudisha goti katika kasoro ile ile iliyokuwa ikitibiwa. Mgonjwa anapokwenda kupimwa achukue viatu anavyovivaa kila siku, wala si vile vya sikukuu.

Uvaaji na uangalizi

Gango jipya huvaliwa saa moja au mbili kwa siku mwanzoni, juu ya soksi ya pamba isiyo na mikunjo, na muda huongezwa siku kwa siku. Kila linapovuliwa ngozi huangaliwa, hasa kwenye macho ya mguu, kisigino, ukingo wa nje wa wayo na chini ya goti. Wekundu unaopotea upesi si hatari. Ule unaobaki zaidi ya nusu saa ni dalili kwamba plastiki inabana, na gango lisivaliwe tena mpaka fundi alipashe moto na kulipanua mahali hapo. Katika ngozi nyeusi wekundu ni vigumu kuonekana, hivyo mwangalizi hutumia mgongo wa kiganja kutafuta joto na ugumu. Mwenye kisukari au asiye na hisia huangaliwa na mtu mwingine kila siku, kwa sababu maumivu hayatamwambia. Jasho hufutwa, plastiki huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, wala haianikwi karibu na jiko au ndani ya gari lililofungwa juani.

Mguu wa aliyepatwa na kiharusi hubadilika zaidi katika miezi 3 ya kwanza, ndiyo maana gango lililochaguliwa wodini halifai kuhesabiwa kuwa la daima. Nguvu zikirudi, gango gumu laweza kukatwa kingo zake kidogo kidogo na kugeuzwa kuwa jepesi, mgonjwa akitembezwa mita zile 10 baada ya kila mkato. Njia ya kurudi haipo, kwa maana plastiki iliyokwisha kukatwa haiungwi ikawa na nguvu yake ya kwanza. Kwa hiyo mafundi waangalifu hupenda kuanza na gango gumu kuliko linavyohitajiwa. Likishatumika miaka, mstari mweupe hutokea katika plastiki karibu na macho ya mguu, mahali linapopindika. Hapo ndipo litakapovunjika, na mgonjwa akiuona mstari huo alirudishe gango karakanani kabla ya kusafiri nalo tena.